Kufundisha Wasumeri na Himaya za Mwanzo Bila Kukaririsha: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Katika madarasa mengi somo la Wasumeri huishia pale pale. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, walivumbua maandishi, walitumia gurudumu, walijenga zigurati, yaani minara ya hekalu yenye ngazi. Wanafunzi wananakili, na kwenye jaribio la Ijumaa wanapata alama zao. Wiki mbili baadaye muulize mmoja wao kwa nini watu wale walihitaji kuandika, au Sargon, mtawala wa himaya ya Akadi, alikuwa na tofauti gani na mfalme wa mji mmoja kama Lagash, atakutazama tu. Mwaka unaofuata mwalimu analeta picha nyingi zaidi, na mambo yanabaki vile vile.

Picha hazina kosa. Kinachokosekana ni mnyororo wa shida. Maji yalilazimisha watu kufanya kazi pamoja, kazi ya pamoja ikajaza ghala, ghala likahitaji hesabu, hesabu ikazaa maandishi. Kisha miji ikagombania mipaka, akatokea mtu aliyeitwaa yote, na baada yake wakaja wafalme walioandika sheria. Mwanafunzi akionja shida kabla ya kupewa jibu, jibu hilo halimtoki.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Unahitaji vipindi kumi hivi vya dakika 40.

## Vifaa

Andaa vyote kabla ya kipindi cha kwanza.

- Udongo wa mfinyanzi, ndoo moja kwa wanafunzi 40. Udongo wa kichuguu unafaa sana ukiupondaponda na kuuchekecha. Ukikosa kabisa, kanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja na maji kidogo kidogo mpaka ushikane.
- Vijiti vyenye ncha ya mraba, kimoja kwa kila mwanafunzi. Kata matete au vipande vya mbao, unene wa penseli. Kijiti cha mviringo hakifai. Sababu utaiona kwenye hatua ya nne.
- Mahindi makavu nusu kilo na maharage kiasi.
- Kamba ya mita 5.5, vibanio vya nguo na vipande vya karatasi.
- Karai pana, mchanga wenye udongo udongo, na jagi la maji.
- Karoti chache na misumari.
- Ramani ya Iraki na Ghuba, hata ya kuchora kwa mkono, yenye mito ya Frati na Tigris.
- Sarafu moja.

Juu ya ubao andika swali hili na usilifute mpaka mwisho wa mada: Nani anaamua, na kwa nini wengine wanakubali? Kila hatua inarudi kwake.

## Hatua ya 1: Funga kamba ya miaka

Tandaza kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Kila sentimita 10 ni miaka 100. Mwanzo wa kamba ni mwaka 3500 Kabla ya Kristo (KK), mwisho wake ni leo. Wanafunzi wapime wenyewe na kubana karatasi:

- sm 20: vibao vya kwanza vya maandishi mjini Uruk, karibu 3300 KK
- m 1: makaburi ya kifalme ya Uru, karibu 2500 KK
- m 1.17: Sargon wa Akadi, karibu 2334 KK
- m 1.40: zigurati ya Uru, karibu 2100 KK
- m 1.75: mwisho wa utawala wa Hammurabi, mfalme wa Babeli, 1750 KK
- m 3.50: mwaka 1
- m 4.83: Ibn Battuta anafika Kilwa, 1331

Sababu. Bila kamba hii, mtoto anadhani Sargon na Hammurabi walikuwa majirani. Mwambie apime kutoka Uruk hadi Hammurabi, kisha kutoka Ibn Battuta hadi leo. Umbali wa kwanza ni zaidi ya mara mbili ya wa pili. Hapo ndipo anaelewa kwamba "zamani" nayo ina zamani zake.

Tahadhari. Miaka ya KK inahesabiwa kwa kushuka. Wapo watakaosema 2334 KK ni baada ya 2100 KK kwa kuwa namba ni kubwa. Usiwasahihishe kwa maneno, wapeleke kwenye kamba.

Umefaulu ukitaja miaka miwili ya KK na mwanafunzi akaonyesha kwa kidole ipi ilitangulia, bila kuhesabu.

## Hatua ya 2: Maji, kabla ya wafalme

Mimina mchanga kwenye karai. Katikati jenga tuta refu, juu ya tuta chimba mfereji: huo ndio mto. Pembeni, chini ya tuta, chomeka vijani kuwa shamba la shayiri. Sasa waambie: kusini mwa Iraki mvua ni haba mno, shayiri haiwezi kuitegemea. Maji yapo mtoni. Yafikishe shambani bila kuzamisha shamba.

Kikundi cha kwanza kitabomoa tuta kwa haraka na kugharikisha kila kitu. Waache. Cha pili kitafungua tundu dogo, kitachimba mfereji na kugundua kwamba anayeukaribia mto anapata yote na wa mwisho hapati kitu.

Karai ilijengewa mto uliopanda juu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Frati ilibeba matope mengi, ikayatua kwenye kingo na kwenye sakafu yake, mpaka mto ukapita juu kuliko mashamba. Kuyateremsha maji ilikuwa rahisi. Kuyazuia ndiyo ilikuwa kazi.

Ongeza jambo moja ambalo vitabu vingi vinaliruka. Theluji ya milima ya Uturuki huyeyuka majira ya kuchipua, kwa hiyo mafuriko yalikuja wakati shayiri iko karibu kuvunwa. Wakati wa kupanda, mto ulikuwa chini kabisa. Maji yalikuja yasipotakiwa na kukosekana yalipotakiwa. Mtu mmoja na familia yake hawawezi kupambana na mto wa namna hiyo.

Kama wanafunzi wako wanatoka kwenye skimu za umwagiliaji, Mwea au Moshi Chini, waulize nani nyumbani kwao anapanga zamu za maji na nini humpata anayefungua banio usiku. Watazungumza kipindi kizima, na wote watakuwa wanajibu swali la ubaoni.

Tahadhari. Usiichanganye na Misri. Mafuriko ya Nile yalikuja kabla ya kupanda, yakalainisha shamba na kuondoka. Darasa likisikia "mto, mafuriko, rutuba" kwa nchi zote mbili, linazifanya nchi moja.

Umefaulu mwanafunzi akieleza kwa maneno yake kwa nini mfereji unahitaji watu wengi na mtu wa kuamua zamu.

## Hatua ya 3: Ghala lisiloandikwa

Mteue mwanafunzi mmoja awe karani wa ghala la hekalu. Hana kalamu wala daftari. Wanafunzi wanane wanapita mbele yake haraka haraka, kila mmoja akikabidhi na kutamka: "Vibaba vitatu vya shayiri na kondoo mmoja." "Vibaba vitano, kondoo sina." Tumia mahindi kuwa shayiri na maharage kuwa kondoo.

Wakimaliza, zungumzia jambo jingine dakika tano. Kisha warudi kudai.

Karani atakwama kwa mtu wa tatu au wa nne. "Mwalimu, huyu alileta vitatu!" "Vitano! Uongo!" Waache wabishane kidogo, ubishi huo ndio somo. Halafu mtoe karani nje na umwite mwanafunzi ambaye hakuwepo, umwambie yeye ndiye karani mpya. Madeni yapo, aliyeyajua hayupo.

Sasa uliza: tufanyeje? Watapendekeza vitu. Mmoja atasema tuweke kokoto moja kwa kila kibaba. Mpe maharage ajaribu. Mwingine atauliza, je, mtu akiiba kokoto? Mpe udongo, azifunge kokoto ndani ya donge. Wa tatu atasema sasa hatuoni zilizomo. Basi azigandamize juu ya donge kabla ya kuzifunga, alama zibaki nje. Mara nyingi hapo darasa hunyamaza, kisha mmoja anasema: kama alama ziko nje, kokoto za ndani za nini?

Ndivyo watafiti wengi wanavyoeleza njia iliyoelekea kwenye maandishi: vihesabio vya udongo, kisha madonge yenye vihesabio ndani, kisha kibao bapa chenye alama tu. Madonge ya namna hiyo yamefukuliwa kweli.

Tahadhari. Usitamke neno "maandishi" kabla ya wanafunzi kufika hapo. Ukilitaja mapema, mchezo unakuwa mapambo.

Umefaulu darasa likilidai kibao kabla hujakitaja.

## Hatua ya 4: Kibao cha udongo

Hii ndiyo hatua inayoharibika zaidi, na huharibika kwa sababu mbili: udongo na mkono. Ipe vipindi viwili.

Udongo. Ukande siku moja kabla, uufunike kwa kitambaa kibichi usiku kucha. Unapofaa uko kama unga wa chapati uliotulia: ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki na kidole kinatoka safi. Ukinata, uache wazi nusu saa. Ukipasuka kingoni, nyunyiza maji na ukande tena. Kila mwanafunzi atengeneze kibao cha kutosha kiganjani, unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Chembamba kuliko hapo kinajikunja kikikauka.

Mkono. Mtoto akishika kijiti huanza kuchora, maana ndivyo alivyozoea kwa penseli. Udongo unajikunja pembeni mwa mstari, alama inafunikwa, anachukia, anafuta. Mwonyeshe polepole. Kona ya kijiti inashuka kwenye udongo, inagandamizwa, inanyanyuliwa. Haivutwi. Kona inaacha kichwa kipana na upande wa kijiti unaacha mkia mwembamba. Ile ni kabari, na ndiyo maana mwandiko huu unaitwa mwandiko wa kabari. Kijiti cha mviringo hakina kona, kwa hiyo hakiwezi kuitoa.

Wafanye mazoezi ya alama mbili tu:

1. Kabari iliyosimama, kichwa juu na mkia chini. Hiyo ni 1.
2. Kona pekee, ukiugeuza mkono na kugandamiza ncha, alama ikae kama <. Hiyo ni 10.

Kwa mbili hizo wanaandika mpaka 59. Kumi na tatu ni kona moja na kabari tatu.

Kisha 60. Hapa kabari ya 1 inarudi, ila inakaa kushoto, ikiachwa nafasi. Sabini na tano ni kabari moja, nafasi, kona moja, kabari tano: 60, 10 na 5. Wape waandike 133 (kabari mbili, nafasi, kona moja, kabari tatu) na 200 (kabari tatu, nafasi, kona mbili). Baadaye uliza kwa nini saa ina dakika 60 na duara lina nyuzi 360. Hesabu ya sitini ilianzia huko, na mpaka leo inatembea mikononi mwetu.

Waelekeze kwamba mfumo huu wa nafasi ulikamilika mwishoni mwa milenia ya tatu KK. Vibao vya kwanza kabisa vya Uruk vilikuwa na picha zilizochorwa kwa ncha na alama za namba zilizogandamizwa, na kabari zilikuja baadaye. Hawakuwa na sifuri vilevile, kwa hiyo 1 na 60 ziliweza kufanana. Karani alijua kwa kuangalia habari yenyewe.

Kutoka picha hadi sauti. Chora kichwa cha mtu, na mbele ya mdomo chora bakuli. Uliza maana yake. Karibu wote watasema "kula". Ndivyo hasa Wasumeri walivyofanya, na bakuli lile linafanana na mabakuli ya posho yaliyofukuliwa kwa maelfu. Lakini utaandikaje jambo lisilo na picha? Kwa Kisumeri neno *ti* lilikuwa mshale na pia uhai, basi picha ya mshale ikatumika kwa uhai. Waambie wafanye hivyo kwa Kiswahili: wachore paa wa porini, wasomaji waelewe paa la nyumba. Mmoja atakuja na kaa wa baharini kwa kaa la moto, na baada ya hapo hutawazuia.

Kazi ya kibao. Kila mwanafunzi aandike orodha ya posho: watu watatu, na kiasi cha shayiri, mafuta au sufu cha kila mmoja. Nyuma ya kibao aandike jumla. Vibao vingi vya kale vilikuwa hivyo hivyo. Vipo pia vya posho ya pombe ya shayiri. Shule ikiona vigumu, mafuta na sufu vinatosha.

Tahadhari. Vikaushe kivulini siku tatu au nne, ukivigeuza. Juani vitapasuka. Usiviweke motoni, maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na kibao hulipuka. Wasumeri wenyewe vingi hawakuvichoma. Vingi vilivyoiva viliiva kwa bahati mbaya, jengo lilipoungua.

Umefaulu mwanafunzi mwingine akichukua kibao asichokiandika na kusoma jumla bila kumuuliza mwandishi. Kibao kizuri kisichosomeka hakijafaulu.

## Hatua ya 5: Mhuri wa kuviringisha

Dakika 25 zinatosha. Kata karoti kipande cha sentimita nne, uchongee alama kuzunguka kwa msumari, kisha uiviringishe juu ya udongo. Picha inajirudia kama utepe. Wasumeri walichonga mihuri ya mawe namna hii na kuiviringisha juu ya udongo uliofungia mitungi na milango ya ghala. Mlango ukifunguliwa kwa siri, muhuri umevunjika na kila mtu anaona.

Wakumbushe kwamba alama hutokea kinyume, kushoto kuwa kulia. Umefaulu mwanafunzi akiweza kusema mhuri unamlinda nani dhidi ya nani.

## Hatua ya 6: Lagash na Umma

Rudi kwenye karai. Safari hii mfereji ni mmoja na miji ni miwili. Umma iko juu, Lagash iko chini. Katikati kuna shamba zuri linaloitwa Gu'edena. Kikundi cha Umma kinaruhusiwa kuziba mfereji.

Watakuwa wanagombana kabla hujamaliza maelezo. Wakishagombana, wape yaliyoandikwa. Mesilim, mfalme wa Kish, aliwahi kuweka jiwe la mpaka kati ya miji hii. Umma iliruhusiwa kulima sehemu ya Gu'edena kwa kulipa shayiri, deni likaongezeka kwa riba, ikashindwa au ikakataa kulipa, ikavuruga mifereji ya mpaka. Karibu 2450 KK Eannatum wa Lagash aliishinda Umma na kusimamisha jiwe linaloonyesha askari wake wamepangana ngao kwa ngao, na tai wakiondoka na vichwa vya adui. Vipande vya jiwe hilo viko Louvre, Paris.

Ukitaka waelewe mji-dola ni nini, kipindi ni hiki. Lugha moja, maandishi yale yale, miungu wanaofahamiana, na bado kila mji una mfalme wake, mungu wake mlinzi, ukuta wake na ghala lake.

Tahadhari. Jiwe la Eannatum linasimulia upande wa Lagash pekee. Kiambie kikundi cha Umma kiandike habari hiyo hiyo kwa sentensi tatu, kutoka upande wao. Usiiruke kazi hii. Ni dakika kumi zinazofundisha kusoma ushahidi kuliko maelezo yoyote utakayotoa.

Umefaulu mwanafunzi akiuliza mwenyewe, "Hii imeandikwa na nani?"

## Hatua ya 7: Sargon anatwaa miji yote

Gawa darasa vikundi saba. Sita ni miji: Uruk, Uru, Lagash, Umma, Nippur na Kish. Cha saba ni Akadi. Kila raundi:

1. Kila mji unavuna punje 10 za mahindi.
2. Akadi inachukua punje 4 kwa kila mji. Zinakuwa 24.
3. Kila mji unahitaji liwali wa Akadi, punje 2. Kwa miji sita ni 12.
4. Askari wa kulinda mji mmoja ni punje 3. Akadi inaamua wawekwe wapi.
5. Mji usio na askari unarusha sarafu. Ikitokea kichwa, umeasi na raundi ijayo haulipi kitu.

Piga hesabu kabla yao: zikibaki punje 12, askari wanatosha miji minne. Miji miwili lazima ibaki wazi kila mara, na hapo Akadi ndipo inapoanza kuumwa kichwa. Cheza raundi mbili. Ya tatu tangaza ukame: mavuno ni punje 5, ila Akadi bado inataka 4. Usiseme neno lolote zaidi, tazama nyuso za miji.

Baada ya raundi ya tatu, kaa nao na usimulie. Sargon alimshinda Lugalzagesi, aliyekuwa amekwisha kuunganisha miji mingi ya Sumeri, na kwa mujibu wa maandishi yake mwenyewe akamfikisha amefungwa shingo kwenye lango la Enlil, mungu mkuu wa Wasumeri, mjini Nippur. Akabomoa kuta za miji. Akaweka watu wa Akadi kuwa magavana. Akajisifu kwamba watu 5,400 walikula mbele yake kila siku, na kwamba merikebu za Meluhha, Magan na Dilmun zilitia nanga kwenye gati ya Akadi. Simama hapo uonyeshe ramani: Dilmun ni Bahrain na ng'ambo yake, Magan ni Oman ya leo, Meluhha inadhaniwa kuwa bonde la mto Indus, na shaba ya Oman ilikuwa ikisafiri kwenda Mesopotamia, nchi ya Frati na Tigris, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Mwanafunzi mwenye ndugu Muscat atataka kusikia habari hii mara mbili.

Kisha mtaje Enheduanna, binti wa Sargon. Baba yake alimfanya kuhani mkuu wa Nanna, mungu wa mwezi, mjini Uru. Ilikuwa siasa: Wasumeri wa kusini walizungumza lugha isiyo na undugu na nyingine yoyote tunayoijua, na Waakadi walizungumza lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania. Binti akasimama katikati. Tenzi zenye jina lake zilinakiliwa na makarani kwa karne nyingi, na yeye ndiye mtunzi wa kale zaidi tunayemjua kwa jina. Kwenye tenzi mojawapo analalamika jinsi mwasi Lugalane alivyomfukuza hekaluni. Mimi humpa kipindi kamili. Watoto wa kike hukaa wima, na wa kiume wanauliza maswali mazuri kuliko waliyouliza kuhusu Sargon.

Malizia na uasi. Rimush, mwana wa Sargon, alianza utawala wake kwa kupigana na miji iliyoasi. Naram-Sin, mjukuu, alikabili uasi mkubwa, akaushinda, akajitangaza mungu. Himaya ilidumu chini ya karne mbili. Wagutia walishuka kutoka milimani, na watafiti wengi wanautaja pia ukame wa karibu 2200 KK, ingawa wanabishana ulichangia kiasi gani. Mji wenyewe wa Akadi haujapatikana mpaka leo.

Tahadhari. Simulizi ya Sargon kuwekwa kwenye kikapu cha matete mtoni akiwa mchanga iliandikwa muda mrefu baada yake. Isimulie, watoto wanaipenda, lakini iite simulizi.

Umefaulu mwanafunzi akieleza tofauti ya mji-dola na himaya kwa kutumia mchezo: nani alikusanya, nani alilipa, gharama ya kumshika kila mmoja ilikuwa nini.

## Hatua ya 8: Sheria mbili kwenye meza moja

Andika kwenye karatasi mbili. Ur-Nammu wa Uru, karibu 2100 KK: aliyemng'oa mwenzake jicho atapima nusu mina ya fedha. Hammurabi wa Babeli, zaidi ya miaka 300 baadaye: aliyeharibu jicho la mtu huru wa tabaka lake, lake liharibiwe, likiwa la mtu wa tabaka la chini, alipe mina moja ya fedha, likiwa la mtumwa wa mtu, alipe nusu ya bei ya mtumwa. Mina ilikuwa karibu nusu kilo.

Uliza ni ipi ya zamani zaidi. Wengi watasema ya jicho kwa jicho, maana inaonekana kali. Kamba ya miaka itawajibu.

Ongeza sheria moja ya maji kutoka jiwe la Hammurabi: aliyezembea tuta lake, maji yakaharibu mashamba, atalipa nafaka iliyopotea. Wataikumbuka karai.

Tahadhari. Mtu atasema jicho kwa jicho limo kwenye Biblia, mwingine atasema limo kwenye Qur'ani. Ni kweli kwa wote wawili. Habari ya gharika na ya Uru wa Wakaldayo, mji alikotoka Ibrahimu, zitaibuka pia. Waeleze vibao vinasema nini na ni vya lini, na maswali ya imani uwaachie wazazi na walimu wa dini. Usiruhusu darasa ligawanyike kwa hilo.

Umefaulu wakigundua kwamba sheria hizi zinaonyesha pia nani alihesabiwa mtu zaidi na nani mtu pungufu.

## Hatua ya 9: Jaribio lisilokaririka

Wape habari ya kibao wasichokiona hapo awali. Karibu 1750 KK, mtu aitwaye Nanni alimwandikia mfanyabiashara Ea-nasir wa Uru kulalamika: fedha nimelipa, shaba uliyomwonyesha mjumbe wangu ni mbovu, ukamjibu kwa dharau, tangu sasa sipokei shaba isiyofaa, nitaichagua mwenyewe uani kwangu. Kibao kipo British Museum, London.

Maswali manne: Kwa nini Nanni aliandika badala ya kutuma neno tu? Shaba ilitoka wapi na kwa nini Uru haikuwa nayo? Nani angeweza kuamua ugomvi huu? Tunasikia upande wa nani?

Jibu zuri linataja nchi isiyo na madini, bahari ya Ghuba, ushahidi unaobaki mtu akisahau, na sauti ya Ea-nasir isiyosikika hapa. Anayeandika tu kwamba Wasumeri walivumbua maandishi, mrudishe hatua ya tatu na umfanye karani.

## Ukiwa na vipindi vitatu tu

Chukua hatua ya 3 na ya 4 kwa kipindi cha kwanza, ukitumia namba mpaka 59 na udongo uliokwisha kukandwa. Cha pili ni Lagash na Umma, bila karai, kwa mstari wa chaki sakafuni. Cha tatu ni mchezo wa Akadi na dakika kumi za Enheduanna. Kamba ya miaka ifunge mwenyewe kabla wanafunzi hawajaingia, na barua ya Nanni wapeleke nyumbani.

Darasa likizidi wanafunzi 60, wape kibao kimoja watu watatu: mmoja aamuru, mmoja agandamize, mmoja asome. Kwenye mchezo wa himaya ongeza Eridu na Larsa ziwe miji minane, na askari uwapandishe bei kuwa punje 4. Akadi itakusanya 32, magavana watakula 16, na itabaki na askari wa miji minne tu kati ya minane.

Baada ya mada, vibao visivyohitajika viloweke kwenye ndoo usiku mmoja. Udongo utakuwa tayari kwa mkondo unaofuata.